Kabla ununue CNC, niambie kwanza utakata nini

Hii posti itakasirisha watu wawili watatu wanaouza mashine, na mimi niko sawa na hilo.

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina moja. "Buda, nataka kununua CNC ya mezani nianze hustle. Niko na pesa. Ninunue gani?" Namuuliza swali moja tu: utakata nini? Jibu ni lile lile, kutoka Kericho mjini hadi Bomet, kutoka kwa kijana wa miaka kumi na saba hadi msee wa ishirini na sita: "Kila kitu."

Hilo jibu hakulibuni yeye. Amefundishwa na wauzaji.

Kwa wageni wa mambo haya, CNC ya mezani ni mashine ndogo inayofuata amri za kompyuta. Biti inazunguka kwa kasi, inasogezwa kushoto, kulia, juu na chini, inachonga umbo ulilochora. Ile inayouzwa sana mitandaoni inaitwa 3018, kwa sababu eneo lake la kazi ni sentimita 30 kwa 18. Hiyo ni ndogo kidogo kuliko karatasi ya A4. Mota yake, ya aina ya 775, ina nguvu chini ya blenda ambayo mathako anatengenezea juisi. Sisemi hivyo kuidharau. Mimi naipenda hiyo mashine. Nasema hivyo kwa sababu ukishajua ukubwa na nguvu yake, nusu ya "kila kitu" inajitoa yenyewe kwenye orodha.

Lakini muuzaji hakuonyeshi hivyo. Anakuonyesha video ya sekunde kumi na tano: kipande cha alumini kinang'aa, biti inapita, nembo inatokea, muziki unapiga. Kijana wa Sigowet anaiona usiku, anamwambia mzee wake, na bonasi ya chai ikiingia Oktoba sehemu yake inaenda kwa mashine. Na nyinyi mnajua bonasi ya upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa ilivyo. Si ile ya Mlima Kenya. Mzee amechuna, amepeleka kwa kituo cha kununulia, amesubiri mwaka mzima, halafu hiyo pesa inanunua mashine ambayo itakaa chini ya kitanda kufikia Februari, kwa sababu kitu ambacho kijana alitaka kukata hakikatiki nayo, au kinakatika lakini hakilipi, au kinakatika huku kinamuua polepole. Hizo hali tatu ndizo nataka tuzungumzie. Mashine zote zinafanana. Kinachotofautisha msee anayelipwa na msee anayepost "nauza CNC, used mara mbili" ni kile anachoweka chini ya biti.

Tuanze na alumini basi, maana ndiyo ndoano yao.

Ndiyo, 3018 inakata alumini. Hawajadanganya kwa hilo. Wamekuficha hesabu. Kwa mashine nyepesi kama hii, fremu inajipinda, kwa hivyo huwezi kuzamisha biti. Unakwenda sehemu ya kumi ya milimita kwa kila mzunguko. Sema sahani yako ina unene wa milimita 6. Hiyo ni mizunguko 60. Sema umbo lako dogo linachukua dakika 4 kwa mzunguko. Zidisha: dakika 240, saa nne, kwa kipande kimoja cha kuweka kwenye kiganja. Sasa leta stima yetu hapo ndani. Stima ikipotea saa ya tatu, mashine hii haikumbuki ilikuwa wapi. Mota zake zinahesabu hatua tu, hazina macho. Ikirudi, unaanza kutafuta sifuri upya ukiomba Mungu biti irudi pale pale. Nani Sigowet atakulipa saa nne pamoja na hiyo presha kwa kibango cha jina? Kama yuko, mpe namba yangu.

Na hiyo ni alumini nzuri, ile ngumu ya viwandani inayotoa vipande safi. Alumini ambayo kijana wa hapa anaipata ni sufuria kuukuu au ile ya kuyeyushwa na mafundi wa jua kali. Ya sufuria ni laini, inanata. Inajipaka kwenye makali ya biti kama ugali kwenye mwiko, mashimo ya kutolea vipande yanaziba, biti inavunjika. Ile ya kuyeyushwa kwenye mchanga nayo imebeba chembe za mchanga ndani na viputo vya hewa. Mchanga na ukali wa biti ni paka na panya. Chuma sitaki hata kukizungumzia. Kuna msee aliniuliza kama anaweza kukata springi ya lori atengeneze visu. Springi ya lori ni chuma kilichochomwa kikawa kigumu makusudi. Hiyo ni kazi ya moto, nyundo na grainda, na mafundi wetu wanaiweza vizuri kuliko hiyo mashine yako.

Kinachoniuma zaidi ni ile dharau iliyofichwa hapo. Tumelishwa kwamba chuma ni ya wenye akili na mbao ni ya fundi wa kijiji. Hata chuo nilichosoma kabla sijaacha mwaka wa pili, mambo yalikuwa hivyo: tulichora kwenye daftari mashine zikikata alumini ya namba fulani iliyotoka nje, na hakuna hata siku moja mwalimu alileta kipande cha mti unaoota nje ya dirisha akatuuliza hiki kitakatwaje. Mtanitukana kwenye komenti kwamba sina digrii. Sina. Lakini mwenye digrii pia aniambie kama aliwahi kuulizwa.

Na nchi yenyewe ilianza hivyo. Rais Moi aliagiza gari la Kenya, Nyayo Pioneer, mwaka 1986, na mwaka 1990 yakaonyeshwa magari matano ya majaribio. Hayakuwahi kuingia sokoni, pesa ilikosekana. Kampuni iliyoundwa kwa ajili yake ndiyo baadaye ikawa Numerical Machining Complex pale Nairobi, mashine za CNC za ukweli, kubwa, za kukata vyuma. Siwadharau wale wahandisi, walifanya kazi kubwa. Nasema tu kwamba tuna mazoea ya kuanza na kitu cha kuonyesha kwenye sherehe, halafu ndiyo tunajiuliza malighafi itatoka wapi na nani atanunua.

Sasa hamia mbao, ambapo pesa iko. Hapa pia kuna uongo, ila ni wa aina nyingine: "mbao ni mbao."

Nani amekwambia? Bibi yako hakusafisha sotet ya mursik kwa mkaa wa mti wowote aliouokota. Alitafuta senetwet. Alijua mti huu unatoa ladha na ule unaharibu maziwa. Watu wetu walikuwa na sayansi ya kuchagua malighafi kabla Wazungu hawajapanda hata shina moja la chai Kericho. Leo mjukuu ana mashine yenye kompyuta na anachukua mbao ya kwanza aliyoikuta kwa yadi kwa sababu ilikuwa bei rahisi.

Mti unaotuzunguka ni mkaratusi. Kila shamba, kila mpaka, kila kampuni ya chai ina msitu wake, kwa sababu viwanda vinauchoma kukausha majani. Kwa moto, mkaratusi ni baba yao. Kwa CNC ni kichwa ngumu. Mti mchanga ukipasuliwa unajipinda na kupasuka unapokauka, kwa sababu umekua haraka na mbao yake imejaa msongo. Unachonga kibao cha "Karibu Nyumbani" leo kikiwa kimenyooka, baada ya mwezi mteja anakutumia picha kimekuwa kama chapati iliyoungua upande mmoja. Mkaratusi mzee uliokaushwa kivulini miezi mingi ni habari nyingine, lakini niambie nani hapa anasubiri miezi.

Saipresi ndiyo mbao ya kila yadi. Ni laini, mashine inaipenda, harufu yake nzuri. Tatizo ni vifundo. Kifundo ni kigumu kuliko mbao inayokizunguka, biti ndogo ikitoka kwenye laini ikagonga hapo inapinda au inakatika, na herufi inayopita juu ya kifundo inatoka na kidonda. Pia nyuzi zake ni laini hivi kwamba herufi ndogo zinaota manyoya. Kwa hivyo saipresi ichonge herufi kubwa, maumbo ya kina kifupi, na uchague ubao kwa macho yako, usitumiwe na boda. Na mkumbuke serikali ilizuia ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kuanzia Februari 2018, na Rais akatangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Tangu huo wakati, yadi nyingi ninazopita zimejaa mbao za miti michanga ya shambani, mbichi, zenye vifundo kila hatua.

Ninayoisifu mimi ni grivelia. Iko kwenye mpaka wa karibu kila shamba la Kenya nyanda za juu, tunaiona ni ya kuni na kivuli tu. Ukiipasua vizuri inatoa madoadoa kama lesi, kitu ambacho mteja wa Nairobi anadhani kimetoka ng'ambo. Inachongeka safi. Onyo moja: kuna watu ngozi yao haipatani nayo, wanawashwa na kutoka vipele. Vaa mikono mirefu siku ya kwanza uone mwili wako unasemaje.

Mashina ya chai nayo. Mashamba yaking'oa chai ya zamani, yale mashina yanaenda jikoni. Ni mbao nzito, nyuzi zake zimebana, inashika hata herufi ndogo. Ni vipande vidogo, vimepindapinda, vinapenda kupasuka vikikauka haraka, kwa hivyo usiote meza. Lakini mashine yako ni ya sentimita 30 kwa 18! Vishikio vya funguo, vibao vya kuwekea kikombe, mihuri ya kupamba biskuti. Kitu kilichotengenezwa kwa shina la chai la Kericho, na mtu anakiweka chini ya kikombe cha chai ya Kericho. Watalii wanalipa kwa hadithi kama hiyo, na hii hadithi ni ya kweli. Sijui kwa nini tunachoma hiyo pesa kupikia maharagwe.

Wakamba walishapita njia hii zamani. Wachongaji wao walijenga jina kwa mpingo na muhugu, miti ikaanza kuadimika, wakahamia kwa mwembe, mwarobaini na jacaranda, miti iliyo karibu na watu. Hawakusubiri mpingo uote tena. Mpingo wenyewe kwa mashine yetu ndogo ni adhabu, ni mzito hadi unazama kwenye maji. Na mvule, ambao kila mtu anautaja kwa heshima, unaweza kubeba ndani yake vijiwe, chokaa iliyoganda kwenye mbao. Biti ikikutana nalo, kwaheri.

Haya, unyevu. Hapa ndipo wengi wanaanguka na hawajui wameanguka. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mbao inayokaa nje haikauki, inajidanganya tu. Nilimkuta mzee mmoja fundi Sondu akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Nikamwambia, "Mzee, kuna kifaa cha kupima unyevu." Akacheka. "Kijana wangu, hata mimi ninacho," akanionyesha sikio. Mimi sina sikio lake, kwa hivyo natumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo cha ubao wako, kipime. Sema ni gramu 50. Kiweke kwenye oveni joto lipite kidogo digrii 100, kipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Sema kimebaki gramu 42. Maji yalikuwa gramu 8. Gawa 8 kwa 42, ni asilimia 19. Kwa kitu cha kukaa ndani ya nyumba unataka karibu asilimia 12. Kwa hivyo huo ubao haujafika, urudishe kwenye dari. Hakuna programu unayohitaji. Ni hesabu ya darasa la sita.

MDF mtaniuliza. Ni sawa, ni nyororo, haina vifundo, inapakwa rangi vizuri, na kwa majaribio ni rafiki. Lakini ikinywa unyevu inavimba kama mandazi, na vumbi lake ni laini sana, limeshikwa na gundi yenye fomaldehaidi. Usiikate chumbani unapolala. Narudia kwa sababu najua wengi wenu mashine iko hapo kando ya kitanda: usiikate chumbani unapolala.

Na sasa sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike hii posti yote.

Kuna vijana wanaokota au kununua vipande vya nguzo za stima. Ni mkaratusi, ni mbao iliyokauka, imenyooka, ni bei ya karibu bure. Wanazipasua, wanachonga mbao za kukatia nyama, miko, sahani za ugali, wanapost "100% asili". Wasee! Hiyo nguzo imetiwa dawa ili mchwa wasiiguse. Ile ya rangi ya kijani-kijani ina dawa inayoitwa CCA: shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki, ile sumu yenyewe. Ile nyeusi yenye harufu ya lami imetiwa kreosoti. Marekani, viwanda viliacha kuweka CCA kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003, kwa sababu ya watoto kugusa tu hizo mbao wakicheza. Wewe unaigeuza vumbi, unalivuta, halafu unamuuzia mama wa watu akatie mtoto wake nyanya. Na yale mabaki unayachoma kwa jiko, moshi unabeba aseniki na majivu yanabaki nayo.

Nilimwandikia mmoja wao kwa DM, kwa heshima. Alinijibu, "Ukikula sumu si ungekuwa umekufa?" Aseniki haifanyi hivyo. Haikupigi siku ile ile kama pombe mbaya. Ukiipata kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Mteja hatajua hata ilianzia wapi. Hii ndiyo sababu sikubali ile hoja ya "kila mtu achague malighafi yake." Ukichagua alumini mbaya unajiharibia pesa yako mwenyewe, ni shauri yako. Ukichagua nguzo unamchagulia mtu mwingine, na yeye hukumuuliza.

Sheria yangu mimi ni rahisi, na msinibishie: kitu cha kugusana na chakula, kama sijui mti ulikatwa wapi na ulipitia wapi, sichongi. Mbao za paleti pia. Zile hubeba bidhaa za kila aina, na huwezi kujua kilichomwagika juu yake.

Plastiki nayo ina hadithi kama hiyo, fupi. Angalia namba ndani ya pembetatu. Namba 2, ile ya mitungi ya maji na ya mafuta ya kupikia, ni nzuri sana kwa mashine yetu: inakatika kama siagi, haiozi, na mtaa umejaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watu wanadhani plastiki iliisha, nendeni muone mitaro ya Sondu siku ya soko. Ila mtungi wa dawa ya shamba usiuguse hata kama umeoshwa mara mia. Namba 3 ni PVC, mabomba na zile bodi nyeupe za mabango. Kwa biti inakubali. Lakini hizi mashine nyingi zinakuja na kichwa cha leza kwenye boksi, na msee akiona leza anataka kuchoma kila kitu. PVC ikichomwa inatoa gesi ya asidi. Inakula mapafu yako na inakula vyuma vya mashine yako. Ukiona vyuma vya mashine yako vimeanza kupata kutu ghafla, fikiria kifua chako.

Akriliki, ulizia ile ya kumiminwa, si ile ya kusukumwa kiwandani kama tambi. Ya kusukumwa inayeyuka na kujishika nyuma ya biti. Kama muuzaji hajui tofauti, omba kipande ujaribu kabla ya kulipa.

Hapo kwenye kuyeyuka, kuna jambo moja la kitaalamu ambalo wengi wanalifanya kinyume. Wakiogopa, wanapunguza mwendo. Biti inabaki inazunguka mahali pamoja ikisugua, joto linapanda, plastiki inayeyuka, mbao inaungua. Mashine inafaa kutoa maranda, si vumbi. Hesabu: mizunguko ya spindo kwa dakika, mara idadi ya makali ya biti, mara unene wa kipande unachotaka kila ukali ung'oe. Mizunguko 8,000, ukali mmoja, sehemu tano za mia za milimita: 8,000 × 1 × 0.05, unapata milimita 400 kwa dakika. Hapo ndipo pa kuanzia kwa mbao laini, kisha sikiliza mashine. Ikilia kama mtoto, kuna kitu hakiko sawa. Punguza kina kwanza, si mwendo.

Na kabla wengine hawajaanza na "jiwe halikatiki": kuna jiwe linakatika, na liko karibu na sisi. Panda matatu Sondu, shuka Kisii, enda Tabaka. Jiwe la sabuni la pale ni laini. Watu wa Tabaka wamelichonga kwa mkono vizazi na vizazi na linauzwa dunia nzima. Kwa 3018, kipande kizuri kinachongeka vizuri kuliko mbao nyingi, mistari inatoka safi kwa sababu hakina nyuzi. Mishipa migumu ndani yake inavunja biti, kwa hivyo kikwaruze kila upande kabla ya kukifunga. Vumbi lake ni adui: barakoa ya N95, vakyumu, na kazi ifanywe nje. Lakini nendeni kwa mchongaji wa Tabaka mkanunue jiwe kwake na mkubaliane kazi. Yeye achonge kiboko, wewe uchonge jina la hoteli chini yake. Msiende kumtoa sokoni kwa kutengeneza kiboko cha kompyuta.

Hilo la kumtoa mtu sokoni si la kuchukulia rahisi hapa kwetu. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa moto Kericho, watu wakaandamana, kukawa na damu. Mama zetu walichuna kwa mkono, mashine ikaja ikafanya kazi ya watu wengi, na pesa haikubaki kijijini. Mtu akiona nimeingia na mashine yenye kompyuta, ana haki ya kuniuliza inakula kazi ya nani. Jibu langu haliko kwenye mashine. Liko kwenye malighafi: nikinunua grivelia kwa jirani, shina la chai kwa yule aliyeng'oa, jiwe kwa mtu wa Tabaka, nikampa fundi wa randa kazi ya kuandaa ubao kwa sababu yeye anaijua kuliko mimi, basi pesa imepita mikono minne kabla ya kufika kwangu. Nikiagiza alumini na akriliki mtandaoni, imepita mkono wa kuria tu.

Najua muuzaji atasema, "Huyu anatisha vijana, anataka soko libaki lake." Soko langu ni vibao vya makanisa, vikombe vya mashindano ya shule na namba za nyumba, karibuni wote, kazi ni nyingi. Kwa hivyo tufanye hivi. Wewe muuzaji, chukua 3018 mpya kutoka kwa boksi. Chukua ubao wa grivelia wa Sigowet, kipande cha sufuria, na jiwe la Tabaka. Washa kamera na usiikate. Tuonyeshe kila kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, saa ngapi zimeenda, biti ngapi zimevunjika, na mteja wa hapa angekulipa ngapi. Ukiweka hiyo video, naisambaza mimi mwenyewe bure, na link ya duka lako juu.

Niko hapa nangoja.